Nanga iko ku nyumba: neno kwa wenye mitumbwi ya Kalemie

Asubuhi, hapa kwetu Kalemie, tembea kando ya ziwa kati ya mitumbwi iliyorudi na ndagala, kisha uangalie ndani yake. Utaona nyavu, taa, batri, bidoni za esansi. Nanga mara nyingi hautaiona. Ukiuliza, jibu ni moja: « Iko ku nyumba, mzee. » Au watakuonyesha jiwe lililofungwa na kamba ya buluu.

Tunawaelewa. Mvuvi wa ndagala usiku hana haja kubwa na nanga. Ziwa letu lina kina cha mita karibu 1470 pale linapozidi, na ukitoka kidogo tu, kamba yako haigusi chini tena. Lakini nanga hainunuliwi kwa ajili ya usiku muzuri. Ni kwa ajili ya ile saa motere inakufa karibu na majiwe, upepo wa kusini unasukuma, na watu ndani ni saba.

Tuanze na jiwe, maana ndilo la bure. Jiwe linashika kwa uzito wake peke yake, na ndani ya maji uzito ule unapungua. Jiwe la kilo 20 ukilizamisha linabaki na kilo kama 12. Betoni iliyomiminwa ndani ya bidoni inapoteza hata zaidi kidogo. Chuma cha kilo 20 kinabaki na zaidi ya 17. Basi jiwe linakuridhisha mikononi, linakudanganya ku maji.

Chuma tena kinachimba. Ile nanga ya kucha nne, ambayo mafundi wetu wa kusude wanatengeneza na vyuma vya betoni, ni nzuri kwenye majiwe. Kwenye mchanga inatembea tu, sawa reki shambani. Kwa mchanga na matope, kama pale mlango wa Lukuga, mto pekee unaotoa maji ya ziwa, inafaa nanga yenye mabawa mapana inayoingia chini kama jembe. Kama huna uwezo wa kupata mbili, mwambie fundi aunge vipande vya bati nene ku zile kucha. Na kabla ya kulipa, gonga na nyundo pale kucha zinapokutana, kisha angalia pete: iwe imefungwa kabisa, si kupindwa tu.

Kuna jambo jipya pia. Ziwa lilipanda na kufunika mitaa ya pwani, mwaka 2021 na tena 2024. Pahali palikuwa nyumba na miti, maji yaliingia, na kucha zinanasa ku misingi na mashina. Wengi wanakata kamba na kuacha nanga kule. Dawa yake ni rahisi: kamba kubwa uifunge chini, pale kucha zinapoanzia, halafu uishikize ku pete ya juu na uzi mwembamba. Nanga ikinasa, vuta kwa nguvu toka juu yake: uzi unakatika, nanga inageuka na kutoka kinyumenyume. Uzi usiwe mwembamba mno, usije ukakatika wakati wa mawimbi.

Kamba ndiyo watu wanaibania pesa. Kina cha mita 8 kinaomba kamba ya mita 40, yaani mara tano, na upepo ukiwa mkali ongeza. Kamba fupi inainua nanga badala ya kuilaza. Mita mbili tatu za mnyororo karibu na nanga zinasaidia kuilaza chini. Ile kamba ya buluu inaelea na jua linaila upesi. Nailoni inazama, inanyumbuka, inavumilia.

Lakini nailoni ina adui ambaye wazee hawakumjua: maji ya batri. Siku hizi taa zinawaka kwa batri, batri zinakaa chini ya mtumbwi, na kamba inalala palepale. Asidi kidogo tu inaoza nyuzi bila kuonekana, mpaka siku ya kuvuta. Tenga vitu hivi viwili: batri nyuma, kamba mbele ndani ya bidoni iliyokatwa juu, imepangwa toka mwisho wake mpaka nanga, bila kuzungushwa mguuni mwa mtu. Na ule mwisho ufungwe ku mtumbwi kwanza. Sisi wenyewe tulitupa nanga siku moja kwa furaha yote, tukaangalia kamba inapita, inapita, halafu mkia wake ukatuaga.

Kuibeba nyumbani jioni si kosa, sababu chuma kina bei na wezi wanajua. Kosa ni kuisahau kule. Wakati wa kufunga uvuvi, kuanzia tarehe 15 Mei mpaka 15 Agosti, itundike kivulini, osha mchanga, kata sehemu iliyochakaa, geuza kamba ili mwisho uliochoka uhamie upande wa mtumbwi. Wanaopaka mafuta machafu ya motere ku chuma, tunawaomba waache: maji haya ndiyo tunakunywa.

Na pale nje, kina kikishinda kamba? Usitupe nanga bure. Funga ndoo mbili au bashi ku kamba ileile, uiachilie kutoka mbele ya mtumbwi. Kamwe si nyuma, ambako motere inalemea na mawimbi yanaingia. Mtumbwi utageuza uso kwa upepo na utasukumwa polepole, mkipata muda wa kusafisha buji. Bashi ile inayofunika mizigo inatosha, mradi pembe zake ziwe zimeshafungiwa kamba kabla ya giza.