Pawa steshini nyumbani: hesabu usiku wako kabla ya kulipa

Tarehe 10 Desemba 2009 umeme ulikatika Unguja, na haukurudi mpaka Machi 2010. Hitilafu ilikuwa kwenye njia ya umeme inayopita chini ya bahari kutoka Tanzania Bara, iliyowekwa mwaka 1980, na kwa miezi mitatu kisiwa kiliishi bila gridi. Mwaka 2008, kuanzia Mei hadi Juni, kilikuwa kimeshaonja giza la karibu mwezi mzima. Pampu za maji zilisimama na watu wakarudi visimani. Hoteli na maduka yaliendeshwa kwa jenereta, na mngurumo wake ukajaa vichochoro vya Mji Mkongwe usiku na mchana.

Siku hizi nyumba nyingi za mjini zimeanza kuachana na jenereta na kununua pawa steshini, yaani betri kubwa ya kubebeka yenye invata, chaja na soketi zake ndani ya sanduku moja. Hailii, haitoi moshi, na haihitaji fundi wa kuifunga. Ni chombo kizuri, na nitaeleza kwa nini nakipenda. Lakini nimeanza na Unguja kwa makusudi, maana giza lile ndilo linaloonyesha mpaka wa chombo hiki, na ni mpaka ambao muuzaji hautaji. Betri hutunza umeme uliozalishwa mahali pengine. Sanduku la uniti mbili lingemfaa sana mkazi wa Mji Mkongwe usiku ule wa kwanza. Usiku wa tatu lisingemsaidia kitu, isipokuwa awe na paneli ya jua juu ya paa lake.

Bahati nzuri, giza tunalokutana nalo mara nyingi huku Bara ni la saa, si la miezi. Mgao wa mwishoni mwa 2023 ulikuja kwa ratiba: mtaa huu asubuhi, mtaa ule jioni, kisha umeme unarudi. Mwaka 2024 Bwawa la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji likaanza kuingiza umeme kwenye gridi, na mitambo yake yote tisa, yenye jumla ya megawati 2,115, sasa imekamilika. Umeme wa kuzalisha upo. Hata hivyo taa bado zinazimika, kwa sababu transfoma inaungua, nguzo inaanguka mvua ikinyesha, au laini inazimwa ili ifanyiwe matengenezo. Mwezi Aprili 2024, bwawa likiwa tayari limeanza kazi, hitilafu ya gridi ilizima sehemu kubwa ya nchi. Wakenya nao wanaijua hali hiyo. Agosti 2023 karibu nchi nzima ilikosa umeme kwa saa nyingi, hata uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ukaingia gizani.

Kwa giza la namna hiyo, la saa nne, nane au usiku kucha, pawa steshini imekaa mahali pake hasa. Umeme ukiwepo inajaa, ukikatika inatoa, ukirudi inajaa tena.

Tatizo linaanzia kwenye ununuzi. Mteja anaingia dukani na swali moja: hii inawasha nyumba nzima? Muuzaji anaitikia kwa furaha, maana sanduku limeandikwa wati 2,000 kwa herufi kubwa. Wati hizo ni nguvu inayoweza kutoka kwa mpigo mmoja, na hazisemi lolote kuhusu umeme uliomo ndani. Fikiria simtank na bomba lake. Bomba pana hutoa maji kwa kasi, lakini muda utakaooga unategemea ukubwa wa tangi. Ukubwa wa tangi la betri hupimwa kwa wati-saa, na wati-saa 1,000 ni uniti moja, ile ile unayonunua kwa LUKU. Kila anayenunua umeme wa LUKU tayari anajua kipimo hiki. Aulize tu: sanduku hili lina uniti ngapi?

Tupige hesabu ya usiku mmoja, kuanzia saa 12 jioni hadi saa 12 asubuhi, kwa nyumba ya kawaida ya Tabata au Mbagala. Balbu nne za LED za wati 9, zikiwaka saa tano, zinakula wati-saa 180. Feni ya wati 60 kwa saa nane inakula 480. Televisheni ya wati 50 kwa saa nne ni 200. Ruta ya intaneti usiku kucha ni kama 120, na kuchaji simu nne ni 60 hivi. Friji ya wastani hutumia uniti moja hadi moja na nusu kwa siku nzima, kwa hiyo usiku mmoja tuipe 600. Jumla ni wati-saa 1,640. Invata nayo hula sehemu yake wakati wa kubadili umeme wa betri kuwa umeme wa soketi, na si vibaya kukadiria asilimia 15. Ukijumlisha, unafika karibu kabisa na uniti mbili. Sanduku la uniti mbili, ambalo mara nyingi huzidi kilo 20, linaivusha nyumba hiyo hadi asubuhi.

Sasa ongeza kiyoyozi kimoja cha chumbani kinachovuta wati 1,100. Peke yake, bila balbu wala feni, kinamaliza sanduku hilo hilo kwa saa moja na nusu. Pasi ya wati 1,200 ukinyoosha nayo nguo saa nzima inakula karibu robo tatu ya akiba. Jagi la umeme halina madhara makubwa kwa sababu linafanya kazi dakika chache, ila linavuta hadi wati 2,000 na zaidi, kiasi cha kuzima sanduku dogo papo hapo. Pampu ya maji ina hila yake: ikishaanza kuzunguka hutumia umeme wa kiasi, lakini sekunde ile ya kuamka huvuta mara kadhaa ya kiwango chake. Kwa hiyo jibu la kweli kwa yule mteja ni hapana, haiwashi nyumba nzima. Inabeba vitu vichache ulivyovichagua, na ukichagua vizuri inabeba kwa uaminifu.

Uchaguzi huo ndio ninaoujali kuliko yote. Vya kwanza viwe vya afya. Insulini ambayo haijafunguliwa inatakiwa ikae kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8, na friji iliyofungwa bila kufunguliwafunguliwa huhimili saa nne hivi tu umeme ukikatika. Mwenye mgonjwa wa kisukari nyumbani ana sababu nzito ya kununua betri kabla hajafikiria televisheni. Mwenye mgonjwa anayetumia mashine ya kuzalisha oksijeni anapaswa kuwa makini zaidi. Mashine ya lita tano huvuta wati 300 hadi 350, kwa hiyo uniti mbili zitaiendesha saa tano hivi na kidogo zaidi. Saa tano zinatosha kumtafutia mgonjwa mtungi wa oksijeni au usafiri wa kwenda hospitali. Hazitoshi kulala usingizi mkiamini mmemaliza. Familia ya namna hiyo iwe na mtungi wa akiba hata kama imenunua betri kubwa namna gani.

Kuhusu gharama sitazunguka: sanduku la uniti mbili ni fedha ya mamilioni, na kwa nyumba nyingi ni akiba ya miaka. Linajitetea kwa matumizi ya kila siku. Kulijaza kunachukua uniti mbili na kidogo za LUKU, na kwa kuwa shilingi 1,000 humpa mtumiaji wa kawaida uniti 2.8 hivi, usiku mmoja hauzidi shilingi 900. Jenereta ndogo inayokunywa nusu lita ya petroli kwa saa itataka lita sita kwa usiku huo huo, na kwa bei inayozungukia shilingi 3,000 kwa lita hiyo ni kama 18,000. Tena jenereta hutoa gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, inayoua watu waliolala. Mtu asiiwashe kamwe ndani, kwenye korido au chini ya dirisha la chumba, hata mvua ikinyesha.

Betri zenyewe ziko za aina mbalimbali, na hapa inafaa kuwa mkaidi dukani. Tafuta iliyoandikwa LFP au LiFePO4, yaani litiamu, chuma na fosfeti. Mchanganyiko huu ulitokana na kazi ya John Goodenough na wenzake katika Chuo Kikuu cha Texas, iliyochapishwa mwaka 1997. Mwaka 2019 Goodenough, akiwa na umri wa miaka 97, alikuwa mmoja wa watatu waliopewa Tuzo ya Nobel ya Kemia kwa kuziendeleza betri za litiamu. LFP huvumilia joto kuliko ndugu zake, si nyepesi kushika moto, na watengenezaji wengi huihesabia mizunguko 3,000 au zaidi ya kujaa na kuisha kabla uwezo wake haujashuka hadi asilimia 80. Ukiitumia kila siku, hiyo ni zaidi ya miaka minane. Haina kobalti pia, madini ambayo sehemu kubwa ya dunia huyapata Kongo, kwenye migodi ya Kolwezi na jirani zake, ambako wachimbaji wadogo hushuka mashimoni bila kinga. Kwangu hilo lina uzito.

Jihadhari na sanduku lililoandikwa uwezo kwa mAh pekee. Laki moja ya mAh inasikika kama bahari, lakini hesabu hiyo huwa ni ya seli yenye volti 3.7. Zidisha, ugawe kwa 1,000: unapata wati-saa 370, pungufu ya nusu uniti. Muulize muuzaji pia kama umeme unaotoka ni wa wimbi safi. Invata za bei rahisi hutoa wimbi lililokatwakatwa, na utasikia feni na friji vikinguruma isivyo kawaida na kupata moto. Shirika la Viwango, TBS, lingefanya jambo jema kulazimisha kila sanduku linaloingia nchini liandikwe wati-saa zake mahali panapoonekana.

Ukishainunua, iweke mahali penye hewa, mbali na jua la dirishani na joto la jikoni, maana joto la Dar linachosha betri taratibu hata ikiwa imezimwa. Ukisafiri muda mrefu iache na nusu ya chaji, na uijaze tena kila baada ya miezi mitatu hivi. Paneli ya jua ya wati 200 ikikaa vizuri juani kwetu huku inaweza kukupa karibu uniti moja kwa siku. Ni kidogo, ila ndiyo tofauti kati ya kukaa na taa na kukaa bila taa siku gridi ikiondoka kwa wiki.

Jambo la mwisho ni la uhai wa mtu mwingine. Wapo mafundi wanaotengeneza waya wenye plagi pande zote mbili, upande mmoja unachomekwa kwenye pawa steshini au jenereta, mwingine kwenye soketi ya ukutani, ili nyumba nzima iwake. Umeme huo unaweza kutoka kupitia mita, ukapanda kwenye laini, ukapandishwa volti na transfoma na kumkuta fundi wa TANESCO juu ya nguzo akiamini laini imezimwa. Ukitaka sanduku lilishe soketi za nyumba, lipia chenjiova, yaani swichi inayoitenga nyumba na gridi, ifungwe na fundi mwenye leseni ya EWURA. Kama fedha hiyo haipo, tumia ekstensheni kutoka kwenye sanduku, na yeyote atakayekuletea waya ule wa plagi mbili mkatalie.