Mafuta Yapi Yamfaa Askari?

Kati ya Juni na Septemba mvua hukatika ufukoni Kabezi, na upepo wa kiangazi hukausha ngozi. Askari ashindaye juani na kukesha lindoni, miguu ndani ya viatu vizito, huona visigino vikipasuka. Ufa huo si jambo dogo: ndio mlango wa vijidudu, na askari achechemeaye hawezi kumlinda raia.

Dawa i karibu. Barabara ya kusini yaelekea Rumonge, nchi ya michikichi. Tunda lake hutoa mafuta ya namna mbili: mawese mekundu, ya nyama ya nje, ambayo hutia sare madoa, na mise, ya kiini, yasiyo na wekundu huo. Basi ngozi na ipakwe mise.

Lakini mafuta hayaleti maji, huyazuia yasitoke. Kwa hiyo yapakwe mara baada ya kuoga, ngozi ingali na unyevu. Katikati ya vidole pakaushwe, pasipakwe, kwani fangasi hupenda unyevu. Na krimu za kujichubua zenye zebaki ziepukwe kabisa: huharibu figo. Ngozi ndiyo sare ya kwanza ya askari, naitunzwe.