Onyo la Cheti Si la Kunyamazishwa

Swali ni lile lile kila wiki: "Nibonyeze wapi ili simu iache kuniuliza habari za cheti?" Mtumiaji wa kawaida akiuliza hivyo, namwelewa. Akiuliza mtu anayelipwa kusimamia seva ya barua pepe ya ofisi nzima, uvumilivu unaniisha. Swali lake lingetakiwa kuwa: seva yangu ina kasoro gani hata simu ikatae kuiamini?

Dawa ya mitaani inajulikana. Fundi anaichukua simu, anaingia kwenye mipangilio ya akaunti, anachagua "kubali vyeti vyote", anamrudishia mwenyewe. Barua zinaingia, onyo halionekani tena, fundi anashukuriwa. Simu nyingi za Android ziliuzwa zikiwa na chaguo hilo ndani ya programu yao ya barua, ndiyo maana limeenea kiasi hiki. Ukiwauliza wanaolitetea, watakwambia mawasiliano bado yanasimbwa, kwa hiyo hakuna kilichoharibika.

Yanasimbwa, ndiyo. Lakini kati ya simu yako na nani? Kazi ya cheti ni kulijibu swali hilo, na wewe umeshaiamuru simu isiliulize. Mtu anafungua Wi-Fi yenye jina la mgahawa mnaokula mchana, anajiweka katikati, anatoa cheti alichojitengenezea mwenyewe, na simu yako inamkabidhi jina la akaunti pamoja na nenosiri. Hahitaji kuvunja usimbaji wowote, kwa sababu simu inasimba kwa ufunguo wake yeye. Kisha anayapeleka mawasiliano kwenye seva halisi, barua zinafika kama kawaida, na hakuna anayeshtuka. Wiki kadhaa baadaye mteja wenu anapokea ankara halali kabisa, kutoka kwenye anwani yenu halali, isipokuwa namba ya akaunti ya benki imebadilika. Na hapo hatujagusa huduma nyingine zote ambazo nenosiri lake likisahaulika, jipya linaombwa kupitia barua pepe hiyo hiyo.

Anayedhani haya ni ya vitabuni akumbuke mwaka 2011. Wadukuzi waliingia katika kampuni ya Uholanzi iliyokuwa ikitoa vyeti, DigiNotar, na mwezi Julai wakajitengenezea cheti chenye jina la Google. Kilitumika dhidi ya watu waliokuwa Iran wakisoma barua zao za Gmail; uchunguzi ulihesabu anwani za intaneti zipatazo 300,000 zilizokutana nacho. Programu nyingi zilikipitisha, maana kilisainiwa na mamlaka inayoaminika. Chrome ilikuwa na orodha yake ya mamlaka zinazoruhusiwa kutoa vyeti vya Google, ikakikataa na kutoa onyo. Mwishoni mwa Agosti mtumiaji mmoja wa Iran aliliona onyo hilo, akauliza hadharani kulikoni, na hapo ndipo udanganyifu ukafichuka. Septemba DigiNotar ilifilisika. Mtu huyo angekuwa na tabia tunayoifundisha maofisini kwetu, ya kubonyeza "kubali" na kuendelea na kazi, wizi ungeendelea.

Kuna pia wanaokimbilia cheti cha bei mbaya, wakiamini kitaondoa onyo na hata kuziokoa barua zao na folda ya spamu. Hapana. Let's Encrypt inatoa vyeti bure tangu 2015, na simu haijui ulilipa shilingi ngapi. Mambo ya spamu yatafute kwenye SPF, DKIM, DMARC na jina la kinyume la anwani ya seva. Barua inapotoka seva moja kwenda nyingine kupitia poti 25, kwa kawaida seva inayotuma haikagui hata jina lililo kwenye cheti.

Kazi yenyewe ni fupi. Kwanza pima:

openssl s_client -connect mail.mfano.co.tz:993 -verify_hostname mail.mfano.co.tz

Usiiache hiyo sehemu ya mwisho, bila hiyo jina halikaguliwi. Kwa poti 587 ongeza -starttls smtp. Kisha tazama namba ya majibu ya uhakiki. 0 ni salama. 10, cheti kimeisha muda. 18, kimejisaini chenyewe. 21, mara nyingi umesahau cheti cha kati: elekeza Postfix na Dovecot kwenye fullchain.pem, si cert.pem. 62, jina halilingani, na hili ndilo ninalokutana nalo zaidi. Kama mmepanga nafasi kwenye seva ya kampuni nyingine, andikeni kwenye simu jina la seva lililomo ndani ya cheti chao. Kama seva ni yenu, ombeni cheti kipya chenye majina yote mnayotumia. Mkikiomba kwa Certbot, itataka poti 80 iwe wazi. Ikishindikana, thibitisha kwa rekodi ya DNS. Weka na --deploy-hook ya kuipakia upya Dovecot, la sivyo cheti kitahuishwa kwenye diski huku seva ikiendelea kugawa cha zamani.

Kuhuisha kwa mkono acha kabisa. Kuanzia 15 Machi 2026 cheti kipya cha umma hakiruhusiwi kuzidi siku 200. Kuanzia Machi 2027 ni siku 100, na Machi 2029 ni 47. Let's Encrypt nayo iliacha kutuma barua za kukumbusha Juni 2025, kwa hiyo weka kengele yako mwenyewe.

Seva ikishatoa 0, kusanya kila simu iliyowahi kuwekwa "kubali vyeti vyote". Irudishe kwenye ukaguzi wa kawaida, na nenosiri lake libadilishwe siku hiyo hiyo, hata kama mwenye simu anaapa hajawahi kugusa Wi-Fi ya mtu.