Kwa nini hedifoni nzuri hunyong'onyea kwenye simu?

Chukua hedifoni mbili. Moja ni ile ndogo ya kuchomeka sikioni, inayouzwa stendi na kwenye maduka ya vifaa vya simu. Ya pili ni kubwa, nzito, inafunika sikio zima, na bei yake ni ya mbuzi, si ya kuku. Zichomeke kwa zamu kwenye simu ileile, ucheze wimbo uleule. Ile ndogo itapiga kelele mpaka uipunguze. Ile ya gharama itasikika kwa mbali, kama redio iliyowashwa nyumba ya jirani.

Wengi wakikutana na jambo hilo husema wameuziwa feki. Wakati mwingine ni kweli. Lakini mara nyingi hedifoni ni nzima kabisa, ila imenyimwa umeme inaouhitaji.

Mimi ni fundi wa sauti hapa studio. Kwa wiki kadhaa nimekuwa nikisikiliza hedifoni ya Fostex T50RP, ya kampuni ya Kijapani, ambayo imefunguliwa na kurekebishwa ndani. Nimeichomeka kwenye simu, kwenye amplifaya ndogo ya betri, kisha kwenye amplifaya ya mezani ya studio. Yale niliyojifunza yanamhusu pia msikilizaji mwenye hedifoni ya kawaida, na yanahusu usalama wa masikio yake.

Utando bapa kati ya sumaku

Hedifoni nyingi hufanya kazi kama spika ya redio yako. Ndani mna kikoili cha waya kilichogundishwa kwenye utando mdogo, na nyuma yake kuna sumaku. Umeme wa muziki ukipita kwenye koili, sumaku huivuta na kuisukuma, utando unatikisika, hewa inatikisika, nawe unasikia.

T50RP ni ya aina nyingine, inayoitwa planari. Haina koili ya kuzungushwa. Waya wake umelazwa bapa juu ya utando wenyewe, ambao ni mwembamba kuliko unywele, na utando huo umewekwa katikati ya sumaku za mbele na za nyuma. Umeme ukipita, utando mzima husukumwa kwa pamoja badala ya kusukumwa sehemu moja tu. Ni tofauti ya kulisukuma turubai kwa kidole kimoja na kulisukuma kwa viganja vya watu kumi waliojipanga. Turubai la watu kumi halikunjikunji.

Ufundi huu si mgeni. Yamaha iliuza hedifoni ya namna hiyo, HP-1, tangu mwaka 1976. Faida yake ni sauti safi yenye kelele kidogo za ziada. Hasara yake ni kwamba sumaku lazima ziachiwe matundu ili sauti ipite, na nguvu yake inasambazwa kwenye eneo kubwa. Kwa hiyo planari nyingi hula umeme zaidi ili zitoe sauti ileile.

Umeme kiasi gani?

Watengenezaji hupima hedifoni kwa kuipa umeme mdogo wa miliwati 1, yaani sehemu moja ya elfu ya wati, kisha hupima ukubwa wa sauti kwa desibeli. Tuseme hedifoni yako ndogo ya simu inatoa desibeli 102 kwa miliwati hiyo moja. T50RP, toleo la tatu, hutoa desibeli 92.

Tofauti ya 10 inaonekana ndogo, lakini desibeli hazihesabiwi kama mayai. Kila desibeli 10 zinadai umeme mara 10. Kwa hiyo pale ambapo hedifoni yako ndogo inatosheka na miliwati 1, T50RP inataka miliwati 10. Iko nyingine maarufu kwa uvivu, HiFiMan HE-6, yenye desibeli 83.5. Hiyo ingetaka karibu miliwati 70 kwa sauti ileile. Wapo wanaoiunganisha kwenye amplifaya za spika za sebuleni ili iamke.

Simu nayo ina amplifaya ndani, ila ni ndogo sana. Imetengenezwa ibane matumizi ya betri na iendeshe hedifoni nyepesi. Ikidaiwa zaidi ya uwezo wake, vilele vya mawimbi ya sauti hukatwa. Ngoma inapigwa, lakini kishindo chake kinakatika, na sauti huanza kukwaruza.

Planari ina jambo moja la kuifurahisha amplifaya. Ukinzani wake wa umeme unabaki karibu sawa kwa sauti nene na sauti nyembamba. T50RP ina omu 50, basi ni 50 juu na chini. Hedifoni za koili haziko hivyo. Sennheiser HD 600, kwa mfano, imeandikwa omu 300, lakini kwenye besi ukinzani hupanda kupita hapo, na amplifaya isiyoifaa inaweza kubadilisha ladha ya muziki. Kwa planari swali ni rahisi zaidi: je, nguvu inatosha?

Kwa nini watu huifungua

T50RP imekuwa kama baiskeli ya fonikisi kwa mafundi wa hedifoni: inafunguka kwa bisibisi, vipuri vyake ni imara, na kila mtu ana namna yake ya kuiboresha. Huko Marekani, Dan Clark alianza kwa kuirekebisha na kuiuza chini ya jina la MrSpeakers, kabla ya kutengeneza hedifoni zake mwenyewe. Kampuni ya ZMF nayo ilianza na hedifoni hiyohiyo.

Marekebisho yenyewe si ya maabara. Ndani ya vikombe vya plastiki hupakwa udongo wa kuchezea wa watoto, ule usiokauka, ili kikombe kiwe kizito na kiache kutetemeka. Huwekwa pamba au kitambaa kinene ili sauti inayotoka nyuma ya utando isigonge ukuta na kurudi. Matundu ya kupumulia huzibwa kiasi. Mwisho, mito myembamba ya masikioni huondolewa na kuwekwa mito mizito ya ngozi inayokaa vizuri kuzunguka sikio. Hii yetu imefanyiwa yote hayo.

Nilichosikia

Nilianza na simu peke yake, volyumu ikiwa mwisho. Kipindi cha mazungumzo kilisikika vizuri, kila neno wazi. Nilipoweka muziki wa Mlimani Park, gitaa la besi lilikuwepo lakini halikusukuma. Lilikuwa kama mtu anayeongea huku amelala. Ngoma zilipoingia zote pamoja na tarumbeta, vitu vikasongamana.

Nikahamia kwenye amplifaya ndogo ya betri. Mara ya kwanza nilishangaa: muziki ulisimama wima! Kisha nikagundua kosa langu. Nilikuwa nimeongeza sauti. Nikaishusha mpaka ikalingana na ile ya simu, nikarudia. Safari hii tofauti ilikuwa ndogo. Sauti ya mwimbaji ilikuwa ileile na magitaa yaleyale. Kilichobadilika ni vishindo: ngoma ilipopigwa ghafla, ilipiga na kuacha, bila kuvuta vumbi nyuma yake.

Amplifaya kubwa ya studio haikuniongezea jambo lolote ambalo ningeweza kuliapia. Nguvu ikishatosha, imetosha. Ndoo iliyojaa haijai zaidi kwa kuwekwa chini ya bomba kubwa.

Kilichonishangaza ni mito. Nilipoirudisha ile ya zamani, iliyochoka, besi iliondoka kana kwamba mtu amefunga mlango. Nilipoweka mizito, ikarudi. Hakuna amplifaya iliyoleta badiliko kubwa namna hiyo. Pamba na kitambaa vilileta badiliko la pili kwa ukubwa. Katika taarabu ya Culture Musical Club ya Zanzibar, fidla ambazo mwanzoni zilichoma sikio zilitulia, na kila uzi wa kanuni ukasikika peke yake.

Haikosi kasoro. Ni nzito, na baada ya saa moja masikio yanatoka jasho. Tena haina huruma: wimbo uliopitishwa simu hadi simu mara nyingi, ukabanwa na kubanwa tena, utausikia ulivyochakaa.

Sauti kubwa hudanganya

Lile kosa langu la mwanzo ndilo linalowamaliza wengi. Sikio la binadamu hupenda kilicho juu kidogo. Ukilinganisha vifaa viwili, kile chenye sauti kubwa zaidi kitaonekana bora hata kama si bora. Wauzaji wanalijua hilo. Muuzaji akikuonyesha spika au hedifoni mbili, mwambie azilinganishe sauti kwanza.

Jambo hilo lina gharama mwilini pia. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe saa 40 kwa wiki akisikiliza kwa desibeli 80. Kwa desibeli 90, muda huo unashuka hadi saa 4 tu kwa wiki. Vinyweleo vidogo vya ndani ya sikio vinavyopokea sauti vikifa, havioti tena, na hakuna dawa ya kuvirudisha.

Ndiyo maana hedifoni inayoziba vizuri ni kinga. Kwenye hedifoni yetu iliyorekebishwa nilijikuta nashusha sauti, kwa sababu besi ilikuwepo na kelele za nje zilipungua. Mtu anayepandisha volyumu mara nyingi hatafuti kelele. Anaitafuta besi iliyovuja.

Wewe mwenye hedifoni ya kawaida

Huhitaji T50RP wala amplifaya ili ufaidike na haya.

Kwanza, jaribu kama inaziba. Wakati muziki unacheza, bonyeza hedifoni taratibu kwa vidole. Besi ikiongezeka, ujue kulikuwa na mwanya. Kwa zile za kuchomeka sikioni, badilisha mipira. Mara nyingi huuzwa zikiwa na mipira ya saizi tatu, na watu hutupa miwili bila kuijaribu. Ikiwa mpira umepotea, tafuta mwingine kabla ya kupandisha volyumu. Ikiwa ni hedifoni kubwa na sponji yake imeoza, kushonewa mito mipya kunaweza kuifufua.

Pili, kama unasikiliza redio ya FM ya simu, waya wa hedifoni ndio antena. Sauti ikikwaruza, nyoosha waya au usogee mahali pengine. Kupandisha volyumu kutapandisha mikwaruzo pia.

Tatu, kabla ya kuchomeka hedifoni kwenye kifaa chochote kipya, shusha sauti mpaka mwisho, ndipo uipandishe kidogo kidogo. Na usiiunganishe hedifoni ya kawaida kwenye nyaya za spika za amplifaya ya ukumbini. Inaweza kuungua, na kabla ya kuungua itakuumiza.

Nne, kwenye bodaboda au ukitembea kando ya barabara, toa hedifoni masikioni. Kuziba vizuri ni jambo jema nyumbani, lakini barabarani unahitaji kusikia honi.

Ukitaka kujua kama umefika pazuri, fanya jaribio hili la mwisho. Weka sauti uipendayo, kisha mwambie mtu aliye umbali wa mkono mmoja akuite kwa sauti ya kawaida. Usipomsikia, punguza. Kisha subiri dakika tano. Sikio likishazoea, utashangaa kukuta kwamba muziki wote bado upo.