Nchi isiyoitwa kwa jina lake

Tarehe 4 Agosti 2024, mjini Paris, vijana wawili, Lee Yang na Wang Chi-lin, walivishwa medali za dhahabu za badminton ya wanaume wawili wawili. Walikuwa wamewafunga Wachina kwenye fainali, kama walivyofanya Tokyo mwaka 2021. Bendera ikapandishwa, muziki ukapigwa. Msikilizaji aliyetazama televisheni siku ile huenda aliona kitu cha ajabu. Bendera ilikuwa nyeupe, ina ua la petali tano na pete za Olimpiki, nayo si bendera ya nchi yoyote duniani. Muziki haukuwa wimbo wa taifa lao, bali ule ambao kwao huimbwa wakati wa kupandisha bendera. Na ubaoni iliandikwa Taipei ya Kichina.

Wenyewe wanatoka Taiwan, kisiwa chenye watu zaidi ya milioni 23, chenye rais wake, jeshi lake na fedha yake. Siku mbili kabla ya fainali hiyo, shabiki mmoja alinyang'anywa bango uwanjani kwa sababu lilikuwa na neno Taiwan. Mmeniandikia mkiuliza: mchezo na jina wapi na wapi?

Inabidi turudi mwaka 1949. Wakomunisti wa Mao waliposhinda vita na kutangaza Jamhuri ya Watu wa China mjini Beijing, serikali ya Chiang Kai-shek ilikimbilia Taiwan. Ilikimbia na jina lake, Jamhuri ya China, na kudai kuwa bado ndiyo serikali halali ya China nzima. Serikali mbili, jina moja, na kila moja ikisema mwenzake si halali. Kwa hiyo kuitambua moja maana yake ni kumkana mwenzake. Huwezi kupeleka balozi Beijing na mwingine Taipei.

Sisi Tanzania tulishachagua Beijing. Tarehe 25 Oktoba 1971, wakati Wachina wako porini wakitujengea reli ya TAZARA, tulikuwa miongoni mwa nchi zilizowasilisha Umoja wa Mataifa azimio la kumpa Beijing kiti cha China. Lilipita kwa kura 76 dhidi ya 35. Balozi wetu kule alikuwa Salim Ahmed Salim.

Viwanjani mambo yalichukua muda mrefu zaidi. Mwaka 1960 mjini Rome, timu kutoka kisiwani iliambiwa iitwe Formosa. Ilipita mbele ya jukwaa kuu ikiwa na kibao kinachosema kwamba inaandamana huku ikipinga. Mwaka 1976 ikawa zamu ya Montreal. Canada ilikuwa imeitambua Beijing tangu 1970, na serikali ya Pierre Trudeau ikasema wageni hawa hawawezi kushindana kwa jina la Jamhuri ya China. Mwishoni waliruhusiwa hata bendera na wimbo wao, ilimradi waitwe Taiwan. Wakakataa, wakarudi kwao. Olimpiki hiyo hiyo ndiyo Afrika iliyoisusia kwa sababu ya raga ya New Zealand na makaburu, na sisi tukakosa kumwona Filbert Bayi akipambana na John Walker. Walker alichukua dhahabu ya mita 1500 bila Bayi uwanjani.

Jibu lilipatikana Lausanne, Machi 1981. Kisiwa kikakubali jina jipya, bendera mpya na wimbo mwingine. Kwenye maandamano ya ufunguzi kikapangwa kwenye herufi T, kisije kikajipanga nyuma ya China kama mtoto nyuma ya baba. Mwaka 1984 huko Los Angeles, pande zote mbili zilishindana.

Lakini jina lenyewe la Kiingereza likazaa ugomvi mwingine. Kiswahili chetu kinausaidia kuueleza. Ukisema Taipei ya China, umesema mji huo ni mali ya dola inayoitwa China. Ukisema Taipei ya Kichina, umesema habari ya watu, lugha na asili, kama tunavyosema chakula cha Kichina bila kuuliza kimepikwa wapi. Kwa Kichina ni Zhongguo au Zhonghua. Beijing ilipenda la kwanza, Taipei la pili. Mwaka 1989 kamati za Olimpiki za pande mbili zilikubaliana kuwa timu ikienda China bara itaitwa kwa hilo la pili. Mimi nauona mpango huu kuwa wa ujanja kuliko wa haki, ila kuanzia hapo hakuna mkimbiaji wa Taiwan aliyerudishwa nyumbani kwa ajili ya ubao.

Kichekesho ni kwamba jina walilolikataa Montreal ndilo wengine kisiwani walilolitaka baadaye. Novemba 2018 ilipigwa kura ya maoni: tuombe kuingia Tokyo kwa jina la Taiwan? Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ikaonya kuwa wanaweza kufungiwa. Baadhi ya wanamichezo wakawasihi wananchi wasiwaponze. Pendekezo likaanguka, ingawa waliolikubali walikuwa kiasi cha asilimia 45.

Ndugu zangu wa Unguja na Pemba wataniuliza: mbona sisi? Machi 2017 Zanzibar ilipokewa na Shirikisho la Soka Afrika kuwa mwanachama kamili, na Julai mwaka huo huo ikatolewa, kwa hoja kwamba nchi moja haiwezi kuwa na vyama viwili. Mtu atasema Scotland na Wales si nchi kwenye Umoja wa Mataifa na wanacheza. Kweli, lakini vyama vyao ni vikongwe kuliko FIFA yenyewe, iliyoanzishwa 1904. Taiwan nayo ilikuwa ndani tangu 1954. Zanzibar iligonga mlango ukiwa umeshafungwa kwa kufuli la dola huru. Kwenye mashindano ya CECAFA kufuli hilo halipo, na ndiyo sababu Desemba 2017, miezi mitano baada ya kutolewa Afrika, Zanzibar ilikuwa Machakos ikicheza fainali na Kenya kwa jina lake yenyewe. Zilitoka mabao 2-2, na Kenya ikachukua kombe kwa penalti.