Maji ya kijani bwawani: yasome kabla ya kumwaga dawa



Swali ninaloulizwa sana na vijana wenye mabwawa ya sato ni hili: "Afisa, maji yamekuwa kijani kama rangi ya ukuta, niweke dawa gani?" Wengine wanapouliza tayari wameshanunua mrututu. Mimi huwa nauliza tena: saa 11 alfajiri samaki wako walikuwa wanafanya nini? Hapo simu inakuwa kimya, maana saa 11 alfajiri mtu amelala.

Leo tuliongelee kwa kirefu kidogo. Mlipuko wa mwani unaweza kumaliza samaki wa miezi sita kwa usiku mmoja, na marejesho ya mkopo hayasubiri. Nitatumia tafiti za aina mbili. Za kwanza ni za maji, kwa nini yanageuka kijani. Za pili unaweza kushangaa kuzikuta kwenye makala ya samaki, kwa sababu zinahusu jinsi wanafunzi wa chuo kikuu wanavyojifunza. Vumilia tu, zinakutana ukingoni mwa bwawa.

Kijani kinatoka wapi

Mwani ni vimelea wadogo? Hapana, na hili watu wanachanganya sana. Mwani haung'ati samaki wala hauwaambukizi. Ni vimea vidogo vinavyoelea majini na kujitengenezea chakula kwa jua, kama mahindi yako shambani. Ukiwa wa kiasi ni mali: sato wanaula, na mchana unatoa oksijeni. Ndiyo sababu tunarutubisha bwawa kabla ya kupandikiza vifaranga. Balaa linaanza unapozidi.

Kinachouzidisha kilionyeshwa waziwazi huko Kanada mwaka 1973. David Schindler, ambaye baadaye alikuwa profesa wa University of Alberta, pamoja na wenzake walichukua ziwa dogo la Ontario linaloitwa Ziwa 226. Ziwa hilo lina kiuno katikati, wao wakaliziba pale kiunoni kwa pazia la plastiki nzito. Upande mmoja wakatia kaboni na naitrojeni. Upande wa pili wakatia hivyohivyo, lakini wakaongeza fosforasi. Upande wenye fosforasi ukageuka kijani kizito, ule mwingine haukugeuka. Picha yake iliyopigwa kutoka angani ilitumika sana kuwashawishi watunga sheria wabane fosforasi kwenye sabuni za kufulia. Wapo watafiti wanaosema naitrojeni nayo ibanwe, na mjadala huo unaendelea, lakini kwa mfugaji wa kawaida fosforasi ndiyo ya kuitazama kwanza.

Sasa lete hesabu nyumbani. Chukua bwawa la mita 20 kwa 30 lenye kina cha mita 1. Hizo ni mita za ujazo 600. Ziwa likifika miligramu 30 hivi za fosforasi kwa kila mita ya ujazo, wataalamu wanaanza kulihesabu kuwa limerutubika kupita kiasi. Kwa ujazo wa bwawa lako hiyo ni gramu 18 tu. Mfuko wa DAP wa kilo 50 una fosforasi halisi kama kilo 10, yaani asilimia 20, kwa hiyo gramu 18 zimo ndani ya gramu 90 za DAP. Ngumi moja! Usiichukue hiyo kama dozi, kwa sababu tope hunyonya sehemu yake, na bwawa la samaki linatakiwa kuwa na rutuba kuliko ziwa. Nataka tu uone kidogo kinavyotosha.

Halafu kuna chakula, ambacho watu hawakihesabu kama mbolea. Mfuko wa kilo 25 wenye fosforasi ya asilimia 1 umebeba gramu 250. Samaki anabaki na sehemu, nyingine nyingi inarudi majini kama kinyesi na mabaki. Kwa hiyo mtu anayelisha chakula cha kuelea kila siku, na bado anamwaga samadi ya kuku kila wiki eti maji yasipoteze rangi, anamwaga petroli kwenye moto.

Wa vizimba msijione mko salama. Mwaka 1993 mtafiti wa Uganda, Rose Mugidde, alichapisha vipimo vinavyoonyesha kuwa uzalishaji wa mwani katika Ziwa Victoria ulikuwa umeongezeka takriban mara mbili tangu miaka ya 1960. Udongo wa mashamba, maji machafu ya miji, majivu ya kuchoma misitu, vyote vinaishia ziwani. Wewe huna bomba la kufungulia ziwa, kwa hiyo unachoweza kuamua ni kizimba kikae wapi na samaki wawe wangapi.

Kinachoua ni usiku

Mchana mwani unatoa oksijeni hadi maji yanajaa. Jua likizama unaacha kutoa, lakini kupumua hauachi. Unavuta oksijeni ileile wanayoitegemea samaki, na bakteria wa tope nao wanavuta. Inashuka taratibu usiku kucha, ikifika chini kabisa karibu na mapambazuko. Ndiyo maana bwawa linaloonekana zuri saa 9 alasiri linaweza kuwa na samaki wanaohema juu ya maji saa 11 alfajiri, midomo wazi. Jua likitoka wanazama tena, na mwenye bwawa akija saa 2 asubuhi na ndoo ya chakula haoni kitu.

Siku ya wingu zito ni mbaya zaidi, kwa sababu mchana oksijeni haikujazwa vya kutosha na usiku unaanza na akiba ndogo. Mbili tatu mfululizo za namna hiyo, bwawa lenye kijani kizito linaweza kuanguka.

Sasa rudi kwa mrututu. Ukiumwaga, mwani unakufa wote kwa pamoja. Mwani uliokufa unaoza, na kuoza kunakula oksijeni, tena bila mwani hai wa kuirudisha mchana. Umemuua mgonjwa na muuguzi kwa sindano moja.

Siyo kila kijani ni sawa

Kuna kijani cha sainobakteria. Hawa ni bakteria, ila wanaishi kwa jua kama mimea, na baadhi yao wanatengeneza sumu. Aina inayosumbua sana ni Microcystis, na sumu yake, maikrosistini, inashambulia ini. Agosti 2014 wakazi wa Toledo, Marekani, karibu laki 4 na zaidi, waliambiwa wasinywe maji ya bomba kwa siku tatu hivi kwa sababu sumu hii ilipita kutoka Ziwa Erie hadi kwenye mtambo. Kuchemsha hakusaidii. Sumu haifi kwa moto, na maji yakipungua kwenye sufuria inazidi kukolea. Kiwango cha shirika la afya duniani, WHO, kwa maji ya kunywa kila siku ni mikrogramu 1 tu kwa lita.

Kwa hiyo bwawa likifunga utando wa kijani-buluu unaosukumwa na upepo pembeni, unaonekana kama rangi iliyomwagika, usinyweshe ng'ombe hapo, mbwa wasiogelee, na usimwagilie mchicha kwa maji hayo, maana sumu inaweza kubaki kwenye majani.

Kipimo cha bei ya bure kipo. Vaa glovu, chota maji kwenye chupa safi inayoonyesha ndani, ifunge, iache imetulia usiku mmoja bila kutikiswa. Mwani wa kawaida mara nyingi unazama chini au unabaki umesambaa. Sainobakteria wengi wana vifuko vya hewa, wanapanda na kufanya ukanda wa kijani juu. Chupa haikuambii kama kuna sumu, hilo linahitaji maabara, lakini inakuambia kama una sababu ya kuwa na wasiwasi.

Kwa nini semina haikusaidii

Hapa ndipo naleta zile tafiti za pili. Haya niliyoandika hapo juu, wengi wenu mmeshayasikia. Mmekaa semina, mmepiga picha slaidi, mna vitini. Na bado samaki wanakufa. Tatizo siyo uvivu.

Mwaka 2006, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wa Washington University, St. Louis, waliwapa wanafunzi kifungu cha kusoma. Kundi moja likakisoma tena. Kundi la pili halikusoma tena, likaambiwa liandike yale linayokumbuka, bila kuangalia. Dakika tano baadaye waliorudia kusoma walikuwa mbele kidogo. Baada ya wiki moja mambo yakageuka: waliojipima walikumbuka asilimia 56, waliorudia kusoma asilimia 42. Yaani ile hali ya kusema "nimeshaelewa hii" unapopitia kitini mara ya pili ni ya dakika tano.

Kuna nyingine ya Harvard, ya mwaka 2019, kwenye somo la fizikia. Wanafunzi waliosikiliza mhadhara mzuri walijiona wamejifunza zaidi. Wale waliopewa maswali wayahangaikie kwanza wenyewe walijiona hawakushika kitu. Mtihani ulipokuja, waliohangaika ndio walikuwa juu. Mimi ni mtu wa semina, nalipwa kwa semina, na utafiti huu ninauamini kabisa. Mkulima anayetoka kwenye mafunzo akisema "leo nimeelewa vizuri" ananitia wasiwasi kuliko anayetoka amekunja uso.

Shamba darasa, lililoanzishwa Indonesia mwaka 1989 kwa wakulima wa mpunga, lilikuwa limeshaishika siri hiyo: watu wanaingia shambani, wanahesabu wadudu wenyewe, wanabishana, wanaamua. Bwawa linafaa zaidi kwa njia hii kwa sababu linakupa mtihani mpya kila alfajiri.

Daftari la kukisia

Chukua daftari la kawaida, gawanya ukurasa safu tatu: nimekisia, nimepima, tofauti. Kila jioni kabla ya kulala andika, bila kuangalia kurasa za nyuma, unadhani kesho itakuwaje: kipimo cha uangavu kitaonekana hadi sentimita ngapi, na je, samaki watapanda juu alfajiri au la. Kisha kesho yake nenda uangalie. Ukishaandika dau lako, huwezi tena kujidanganya kwamba "nilijua tu".

Kipimo cha uangavu unatengeneza mwenyewe. Kata duara la sentimita 20 kutoka kwenye mfuniko wa ndoo, ligawe robo nne, paka nyeusi na nyeupe kwa kupishana, funga jiwe chini na kamba yenye alama za kila sentimita 5. (Kifaa hiki kina jina la padri wa Kiitaliano, Angelo Secchi, aliyekijaribu baharini mwaka 1865.) Kishushe wakati wa mchana, hadi kipotee machoni. Kikipotea kwenye sentimita 30 hadi 45, bwawa lina mwani wa kutosha. Kikipotea kabla ya 20, acha mbolea leo hii na punguza chakula. Kama kinaonekana hadi 60 na zaidi, maji yana njaa. Hakikisha tu maji hayana tope la mvua, kwa sababu tope nalo linaficha kipimo bila kuwa mwani.

Alfajiri ni ya macho na masikio. Simama kimya dakika kumi kabla jua halijatoka. Andika: wapo juu au hawapo, wengi au wachache, wamekimbia ulipotembea au wamebaki wanahema. Andika na hali ya jana: jua, wingu, mvua, kilo za chakula.

Wiki mbili za mwanzo utakosea sana, na utajiona hujifunzi kitu. Endelea. Ifikapo wiki ya tatu au ya nne utaanza kuona mambo ambayo hakuna afisa anayeweza kukuambia: kwamba bwawa lako la pili, lile lililozibwa upepo na migomba, linaanguka siku moja kabla ya la kwanza, au kwamba ukizidisha chakula Jumatatu, sentimita za kipimo zinapungua Alhamisi.

Ukikuta wanahema

Usiwalishe. Kumeng'enya chakula kunahitaji oksijeni wasiyokuwa nayo. Washa pampu, rusha maji hewani yaangukie bwawani, au ingiza maji safi ya mto au kisima kwa kuyatiririsha kutoka juu. Usiingie kukoroga tope. Kama wameshafika uzito wa soko, vua sehemu uuze siku hiyo hiyo, kwa sababu waliobaki watapata nafasi ya kupumua. Lishe irudi baada ya siku mbili tatu, kidogo, na iwe saa 4 asubuhi kwenda mbele.

Kwa vizimba, kinachookoa ni maamuzi ya mwanzo: kina cha kutosha chini ya wavu, nafasi kati ya kizimba na kizimba, na samaki wasijazane. Maji ya chini yasiyo na oksijeni yakipinduka na kupanda juu, kama wanavyoyajua wa upande wa Kisumu, hakuna pampu ya kushindana nayo. Ila sangara wa porini wanahitaji oksijeni nyingi kuliko sato. Ukiona sangara wanaelea wamekufa karibu na eneo lako, usisubiri kikao, simamisha chakula na tafuta mnunuzi asubuhi hiyo hiyo.