Kalibu moja, matofali mia: kitabu cha jenereta za msimbo na ugomvi wa wasomaji wake

Ukipita nje kidogo ya Bariadi wakati wa kiangazi utawakuta vijana wakifyatua matofali. Udongo unachotwa, unashindiliwa kwenye kalibu, kalibu inapinduliwa, tofali limetoka. Hakuna anayekaa kuchonga tofali moja moja. Raha ya kalibu ni hiyo, na shida yake nayo ni hiyo hiyo: ikipinda kidogo, matofali yote ya siku hiyo yamepinda.

Nimeikumbuka kalibu kwa sababu ya kitabu. Kinaitwa Code Generation in Action, kimeandikwa na Jack Herrington na kutolewa na Manning mwaka 2003. Mimi na rafiki yangu anayefundisha kompyuta hapa mjini tulikisoma kwa zamu, na mpaka leo hatujakubaliana. Wala si sisi tu. Ni kitabu ambacho mmoja anakimaliza akitabasamu, mwingine anakifunga akisonya.

Kwanza, jenereta ya msimbo ni nini?

Msimbo ni yale maagizo tunayoiandikia kompyuta ili ifanye kazi. Vijiweni tunasema "kodi" (siyo ile ya TRA). Jenereta ya msimbo, basi, ni programu inayoandika msimbo wa programu nyingine. Unaipa vitu viwili: jedwali la unachotaka, na kiolezo, yaani maandishi yenye nafasi za kujazwa. Inachukua kila mstari wa jedwali, inaujaza kwenye kiolezo, inakutolea faili. Jedwali likiwa na mistari 40 unapata vipande 40 vya msimbo bila kuchapa hata kimoja.

Herrington anaonyesha jinsi ya kufyatua namna hiyo fomu za skrini, majaribio ya programu, nyaraka, hata msimbo wa kuwasiliana na hifadhidata. Jenereta zake nyingi kaziandika kwa Ruby, lugha iliyotolewa Japani mwaka 1995 na Yukihiro Matsumoto.

Wasomaji wanagombania nini?

Kundi la kwanza linasema kitabu kimewaokoa. Kazi ya kunakili na kubandika inachosha, na binadamu aliyechoka hukosea. Mashine haichoki. Ukibadilisha kiolezo mara moja, kila mahali kunabadilika.

Kundi la pili halina ugomvi na wazo, lina ugomvi na mifano. Mwaka 2003 Ruby ilikuwa bado ngeni kwa watu wengi. Mtu ana kazi ya Java mezani, halafu anaambiwa ajifunze lugha nyingine kwanza ndipo aonje faida. Mwaka uliofuata David Heinemeier Hansson akatoa Rails, iliyokuja na jenereta zake ndani na kuipa Ruby jina duniani. Kwa hiyo msomaji wa 2003 na wa 2006 walishika kitabu kile kile, lakini mmoja aliona ugeni na mwingine akaona nyumbani.

Kundi la tatu, na rafiki yangu yumo, linapinga wazo lenyewe. Linasema: ukiona unahitaji mashine ikuandikie kitu kile kile mara 40, ujue programu yako umeipanga vibaya. Andika kipande kimoja kizuri, kiite mara 40. Yameisha.

Mimi nilikuwa kundi la kwanza, tena kwa kelele. Halafu nikaenda shambani.

Kilichonikuta Meatu

Kwa ajili ya shahada yangu ya uzamili nilikusanya taarifa za wakulima wa pamba Bariadi, Itilima na Meatu. Nilitumia ODK, mfumo wa bure wa kukusanya data kwa simu au kishikwambi, ulioanzia Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, mwaka 2008. Fomu ya ODK kwa ndani ni faili la XML, refu na lenye alama nyingi, na ni wachache wanaoliandika kwa mkono. Maswali unayaandika kwenye jedwali la Excel kwa mtindo uitwao XLSForm, kisha programu ndogo iitwayo pyxform inaligeuza jedwali kuwa XML. Ukitaka swali lisomeke kwa Kisukuma pia, unaongeza safu moja tu pembeni ya ile ya Kiswahili.

Umeona? Hiyo ni jenereta ya msimbo. Kama umewahi kuandaa dodoso kwa XLSForm, kwenye ODK au KoboToolbox, umeshaitumia, hata kama hakuna aliyekwambia jina lake.

Mimi nikaenda hatua moja mbele. Mkulima wa Simiyu halimi pamba peke yake. Kuna mahindi, mtama, mpunga, dengu. Kila zao lilihitaji maswali yale yale: eka ngapi, kilo ngapi, uliuza wapi. Nikaandika skripti fupi ya Python inifyatulie maswali hayo kwa kila zao, pamoja na hesabu ya kugeuza eka kuwa hekta. Eka moja ni kama hekta 0.4047, kwa hiyo unazidisha. Mimi kwenye kiolezo nikagawanya.

Angalia ilivyokuwa. Mama mmoja ana eka 2 za pamba, kavuna kilo 600. Kwa hesabu sahihi eka 2 ni hekta 0.81, yaani kavuna takriban kilo 741 kwa hekta. Jedwali langu likamwandikia hekta 4.94, na mavuno ya kilo 121 kwa hekta. Wakulima wote wakageuka kuwa watu wenye mashamba makubwa na mavuno ya aibu. Ripoti ile ingefika kwa mtu anayepanga bajeti ya ugani, angesema hawa hawajui kulima. Kumbe asiyejua ni aliyeshika kalibu.

Kosa la pili lilikuwa baya zaidi. Nikiwa Itilima nilikumbuka swali la dawa ya wadudu, na kwa haraka nikaliongeza moja kwa moja kwenye faili lililokwisha kufyatuliwa. Nilipofika Meatu nikagundua lile la hekta, nikarekebisha kiolezo, nikafyatua upya. Faili jipya likafuta la zamani, na swali langu la dawa likaenda nalo. Siku mbili nimehoji watu bila swali hilo. Ikabidi nipande bodaboda nirudi. Yule mama aliponiona akacheka: "Mwanangu, umesahau nini tena?"

Nani yuko sahihi?

Mwaka 1999 Andrew Hunt na David Thomas, kwenye kitabu chao The Pragmatic Programmer, walitenganisha jenereta za aina mbili. Ya kwanza unaiendesha mara moja tu. Inachotoa ni chako, kihariri upendavyo. Ya pili unaiendesha kila mara kitu kinapobadilika, na inachotoa hakiguswi kwa mkono hata kidogo. Ukitaka badiliko, nenda kwenye kiolezo au kwenye jedwali. Dhambi yangu ni kwamba nilitumia ya pili kama ya kwanza.

Tofauti hiyo inaeleza sehemu kubwa ya ugomvi. Wanaosifu wengi wao wameshika kalibu mikononi na wanairekebisha wenyewe. Wanaolaani wengi waliachiwa rundo la matofali na mtu aliyeondoka na kalibu yake.

Lakini nimpe rafiki yangu haki yake. Nilipomsimulia aliniuliza swali moja: "ODK si ina sehemu ya kurudia kundi la maswali?" Ninayo. Yaani inayo. Ningeandika maswali yale mara moja, ODK ingeyarudia yenyewe kwa kila zao, na skripti yangu isingehitajika. Hapo kanishinda. Ila pyxform yenyewe hakuikataa, maana bila hiyo angeandika XML kwa mkono.

Kwa hiyo siku hizi naanza na swali lake: lugha au mfumo huu unaweza kurudia wenyewe? Ukiweza, sihitaji jenereta. Usipoweza, nafyatua, natunza kiolezo pamoja na jedwali, na sigusi kinachotoka.

Swali hili limerudi kwa nguvu tangu ChatGPT itoke Novemba 2022. Tofauti ni moja: jenereta ya Herrington ukiipa kiolezo kile kile na jedwali lile lile inatoa msimbo ule ule. Akili mnemba ukiiuliza mara mbili inaweza kukupa majibu mawili. Hapo kukagua kalibu hakutoshi, lazima ukague kila tofali.

Na kwa vyovyote utakavyofyatua, chukua mkulima mmoja, eka zake na kilo zake, piga hesabu kwa kalamu na karatasi kabla ya kwenda kijijini. Ingenichukua dakika mbili. Nauli ya bodaboda ya kurudi Itilima na Meatu nisingeilipa.